Gari la haibridi: lilinifaa mimi, likamlemea shemeji

Najua wengi wenu huwa mnafungua hapa kutafuta dawa ya ubwiriunga kwenye mikorosho, nafasi za kupandia mihogo au habari za soko la Buguruni. Leo nitaongelea gari. Sijageuka fundi; stashahada yangu ni ya kilimo, na chombo ninachokijua vizuri ni pikipiki ya kazi. Lakini tangu mimi na mume wangu tununue gari la haibridi, hapa Kisarawe mjini haipiti wiki sijaulizwa, "Bibi shamba, hilo gari lenu la umeme mnalichajia wapi?" Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba kuna mtu nilimshauri anunue gari la aina hiyo, ushauri wangu ukamtia hasara, na mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Nilimwomba ruhusa niandike. Akasema andika, ila jina langu liache.

Tuanze na swali la kuchaji. Hatulichaji popote. Gari letu ni Toyota Aqua, mtumba wa Japan, na halina tundu la kuchomekea waya. Linaingia sheli kama magari mengine, linawekewa petroli, linaondoka. Yapo magari ya haibridi yanayochomekwa kwenye soketi, na yapo ya umeme mtupu yasiyo na injini kabisa, lakini hizi Aqua, Prius na Fielder Haibridi za mtumba tunazopishana nazo barabarani, karibu zote ni za aina ya letu: chakula chake ni petroli peke yake. Umeme linajitengenezea lenyewe.

Neno haibridi wakulima mnalijua kutoka kwenye mbegu za mahindi. Mbegu chotara ina wazazi wawili tofauti, na unataka uzuri wa kila mmoja. Gari hili nalo ni hivyo hivyo, lina injini ya petroli na lina mota ya umeme. Toyota walianza kuuza Prius kule Japan Desemba 1997, kwa hiyo si kitu kipya kama watu wanavyodhani. Ni kipya kwetu sisi wa mitumba, maana gari linatufikia likiwa limeshatembelewa miaka kadhaa na wenzetu.

Ukitaka kuliwasha unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, na dashibodi inaandika neno READY. Basi. Hakuna muungurumo. Siku ya kwanza nilibonyeza mara tatu nikidhani limegoma, na muuzaji akanicheka. Ukiondoka taratibu, mota ya umeme ndiyo inayosukuma. Ukiongeza mwendo au ukikuta mlima, injini inaamka yenyewe na kusaidiana na mota. Ukisimama kwenye foleni injini inazima, unabaki na redio na kiyoyozi. Foleni ikisogea hatua kumi, mota inakusogeza hatua kumi bila injini kuamka. Dereva hachagui chochote, kompyuta ya gari ndiyo inayopanga nani afanye kazi saa ngapi.

Sasa umeme unatoka wapi? Wenye umri wangu na wakubwa zangu mnaikumbuka dinamo ya baiskeli. Ukiibana kwenye tairi, taa inawaka, lakini pedali inakuwa nzito. Ule uzito ndio unaogeuka kuwa mwanga. Gari la haibridi linatumia ujanja huo huo. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, ile mota inageuka kuwa dinamo kubwa: inalizuia gari, na nguvu ya mwendo inarudi kwenye betri badala ya kupotea kama joto kwenye breki. Mimi huliona hili kila ninaposhuka kutoka Kisarawe kwenda Pugu. Naachia mafuta, gari linateremka likijizuia taratibu, na vile vijiti vya betri kwenye dashibodi vinaongezeka kimoja kimoja. Nikifika chini nimepata umeme ambao sijaulipia. Gari la kawaida kwenye mteremko ule linachakaza pedi za breki tu. Mbali na mteremko, injini nayo inazungusha jenereta na kuijaza betri inapohitajika.

Hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa mapema, na ndilo lililomponza shemeji. Ile betri kubwa ni ndogo. Ya Aqua ina volti 144, ambayo ni ya kuua mtu, lakini akiba yake yote ya umeme haifiki uniti moja ya LUKU. Tena kompyuta haikubali itumike yote, inaacha akiba chini na nafasi juu ili betri isichoke. Fikiria uniti moja ya LUKU inavyoisha nyumbani ukiwasha pasi. Umeme wa kiasi hicho unatosha kuliondoa gari, kulisogeza kwenye foleni na kuisaidia injini kwa muda mfupi. Haitoshi kulisukuma gari lenye mzigo saa nzima kwenye mchanga. Betri ile haihifadhi safari, kazi yake ni kupokea na kutoa, kupokea na kutoa, kama mtungi mdogo unaochotewa na kujazwa siku nzima. Gari lisiposimamasimama na kupunguza mwendo, mtungi haujazwi bure. Unajazwa kwa petroli.

Kwetu lilitufaa kweli. Mume wangu anafanya kazi karibu na Tazara. Kila siku anashuka Pugu, anapita Gongo la Mboto, anaifuata Barabara ya Nyerere na kupita uwanja wa ndege, kisha jioni anarudi njia hiyo hiyo. Anayeijua barabara hiyo, na hasa aliyepita wakati wa ujenzi wa njia ya mwendokasi, anaijua foleni yake. Kwa siku ni kama kilomita 50 kwenda na kurudi. Gari letu la zamani, la kawaida la cc 1500, lilikuwa likitupa kilomita 12 kwa lita kwa safari hiyo. Aqua, yenye injini ya cc 1500 vilevile, inatupa 20, siku nyingine 22. Siku 24 za kazi ni kilomita 1,200. Gari la zamani lilikula lita 100 kwa mwezi, hili linakula 60. Chukua petroli shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei halisi mtaiona kwenye tangazo la EWURA, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi), tunabakiza shilingi 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Kwa mtumishi wa ngazi yangu hiyo ni ada ya mtoto.

Zipo na faida nyingine. Pedi za breki zinakaa muda mrefu kwa sababu mota ndiyo inayozuia kwa sehemu kubwa. Aqua haina stata wala oltaneta, wala mkanda wa kukatika njiani. Kazi za vitu hivyo zinafanywa na mota zile zile na vifaa vya umeme. Na ule ukimya, ukishauzoea, ukipanda gari jingine unajihisi uko mashineni unasaga unga.

Yote haya niliyaandika kwenye daftari: tarehe, lita, kilomita. Ni tabia ya kazi, tunawafundisha wakulima kuweka kumbukumbu, basi na sisi tuweke. Na daftari hilo ndilo nililomfungulia shemeji alipokuja kwetu sikukuu ya Idi.

Shemeji ananunua mihogo mashambani upande wa Msanga na Maneromango na kuipeleka Buguruni. Wakati huo alikuwa akikodi gari, na kodi inamla. Alikuwa na fedha za korosho, tena ameona TownAce, kirikuu ya bodi wazi, bei anaiweza. Ila alikuwa ameona pia Fielder Haibridi. Ile ilizidi kirikuu kwa milioni 7. Akaniuliza, "Shemeji, wewe umesoma, na hili la haibridi unalo. Nichukue lipi?"

Nilifungua daftari. Nikamwonyesha 12 na 20. Nikamwambia kwa safari zake tofauti ya bei itarudi yenyewe kwenye mafuta. Sikumuuliza anabeba magunia mangapi. Sikumuuliza lami inaishia wapi. Shambani sijawahi kumwambia mtu aweke mbolea gani kabla sijauona udongo wake, lakini siku ile, nimekaa kwenye kochi na sahani ya pilau mkononi, nilifanya hivyo. Mdogo wangu akachukua mkopo kwenye kikundi chake cha VICOBA kujazia zile milioni 7. Wadhamini wake ni wanawake wenzake watano, wote wauza mboga.

Miezi ya mwanzo hakulalamika, ila alianza kunitumia ujumbe wa kilomita zake. Akiwa mtupu anapata 20 na zaidi. Akiwa na mzigo, 14. Mara nyingine 13. Nikamwambia labda upepo wa matairi. Haukuwa upepo. Alikuwa analaza kiti cha nyuma na kupakia magunia matano ya mihogo mibichi kwenye gari la kubeba watu watano, anatembea kwenye mchanga na mashimo akiwa amekanyaga mafuta muda wote. Kwa hali hiyo injini haipumziki. Na injini ya haibridi imeundwa kubana mafuta kuliko kutoa nguvu: ile ya Fielder Haibridi ni nguvu za farasi 74 peke yake, wakati ya Fielder ya kawaida ya cc 1500 inapita 100. Ule upungufu unazibwa na mota, na mota inategemea betri, na betri ndiyo ule mtungi mdogo niliousema.

Hebu tupige hesabu yake kama nilivyotakiwa kuipiga siku ya Idi. Safari tatu kwa wiki, kila moja kama kilomita 130 pamoja na kuzunguka mashambani. Kwa mwezi ni karibu 1,600. Kwa kilomita 14 kwa lita, ni lita 114. Gari la kawaida lenye mzigo ule, tuseme linaenda 12, ni lita 133. Amebakiza lita 19, yaani shilingi 57,000 kwa mwezi. Kwa 57,000 kwa mwezi, milioni 7 zinarudi baada ya miaka 10. Na kirikuu ile ingebeba karibu mara mbili ya mzigo wake, kwa halali, kwa hiyo safari tatu zingekuwa mbili. Hesabu ya dakika tano. Sikuifanya.

Mwezi wa tano, akiwa Gongo la Mboto na mzigo, dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, gari likapoteza nguvu. Akalivutisha hadi kwa fundi. Mnajua muhogo mbichi haungoji: siku ya pili au ya tatu tangu ung'olewe unaanza kuweka mistari ya bluu na nyeusi ndani, na mnunuzi akivunja mmoja akaona, gunia zima limekataliwa. Mzigo ule ulikaa siku mbili nje ya gereji. Fundi wa kwanza akapima kwa kompyuta, ikatoka P0A80, ambayo maana yake ni kwamba betri kubwa ibadilishwe. Akataja milioni 3 na nusu kwa betri iliyotumika.

Usiku ule mdogo wangu alinipigia. Hakugomba. Alisema tu, "Dada, wewe ndiye uliyesema." Nilikata simu nikakaa jikoni hadi mume wangu akanifuata.

Kesho yake niliomba ruhusa ya siku moja kazini, tukalivutisha gari kwa fundi mwingine, kijana anayetengeneza haibridi tu. Huyu alianza kwa kung'oa kiti cha nyuma. Chini yake ndiyo betri ilipo, na pembeni kuna tundu la hewa lenye feni. Betri hizi zinapata joto zikifanya kazi, na zinapoozwa na hewa ya ndani ya gari ambayo feni inaivuta kupitia tundu hilo. Feni ya shemeji ilikuwa imevaa koti: vumbi jekundu, nyuzi za magunia, udongo wa mihogo, vyote vimegandana kama tope lililokauka. Na kila safari magunia yalikuwa yamelaliwa juu ya lile tundu. Miezi mitano betri ilikuwa inapikwa, na huku inafanyishwa kazi kuliko zote katika maisha yake.

Kijana akaeleza kwamba betri ile ina vipande 20 vilivyoungana mstari mmoja, na kipande kimoja kikilegea kompyuta inailaumu betri nzima. Akavipima kimoja kimoja akiwaka taa. Viwili vilikuwa vibovu. Alivibadilisha, akasafisha feni, akasugua vishikio vilivyoota kutu ya kijani, tukalipa 650,000. Alikuwa mkweli pia: "Dada, hivi 18 vilivyobaki ni vizee. Nimekununulia muda, sijakununulia betri." Nilimheshimu kwa kauli hiyo kuliko kwa kazi yenyewe.

Sasa wewe unayefikiria kununua, nakuomba ufanye kile ambacho mimi sikufanya. Chukua karatasi uandike safari zako za wiki mbili: unatoka wapi, unakwenda wapi, lami kiasi gani, foleni kiasi gani, mzigo kilo ngapi. Kama wewe ni mama wa mayai unayepeleka trei Kariakoo kila alfajiri na kurudi kwenye foleni, kama ni dereva wa abiria mjini, kama ni mtumishi unayelala Kisarawe na kufanya kazi Dar, au dada wa bamia na mchicha ambaye mzigo wake ni mwepesi lakini unahitaji kufika mapema, haibridi itakulipa. Kama mzigo wako ni mihogo, mkaa, matofali, mananasi ya kujaza bodi, au njia yako ni mchanga mwanzo hadi mwisho, chukua gari lililoundwa kwa mzigo. Usidanganywe na namba za kitabuni. Aqua na Fielder Haibridi zilipimwa Japan zikatoa kilomita zaidi ya 30 kwa lita, lakini kipimo kile hakikufanyika Maneromango.

Ukiagiza kutoka nje, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha kodi za magari kilichopo kwenye tovuti ya TRA. Gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo la bei ndogo kule Japan linaweza kuwa ghali likifika bandarini. Ukinunua hapa hapa nchini, usilipe kabla fundi wa haibridi hajapima betri kipande kwa kipande gari likiwa linatembea, si likiwa limesimama kwenye kivuli cha muuzaji. Mlipe huyo fundi wewe mwenyewe. Aliyeletwa na muuzaji ana bwana mwingine. Inua kiti cha nyuma utazame lile tundu. Likiwa na nywele za mbwa na mchanga, umeshajua maisha ya betri. Na kabla ya yote weka pembeni fedha ya betri. Sisi tunaweka shilingi 60,000 kila mwezi kutoka kwenye zile 120,000 tunazookoa, na hatuzigusi hata kwa msiba wa mbali. Asiyeweza kuweka akiba hiyo bado hajawa tayari kwa gari hili.

Ukishakuwa nalo, yako mambo madogo yatakayokusaidia. Barabara ya vumbi funga vioo, washa kiyoyozi, maana hewa unayovuta wewe ndiyo inayovutwa na betri. Usiweke gunia, blanketi wala mkoba wa mtoto mbele ya tundu la hewa. Feni isafishwe kila sevisi. Sisi tunaoishi kwenye vumbi tusingoje dashibodi iseme. Usiendeshe hadi petroli iishe ukitegemea umeme utakufikisha, kwani utaimaliza betri na matengenezo yake si kama kumwaga lita moja ya chupa. Kuna na betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Wengi wameambiwa wabadilishe betri kubwa kumbe ni hii ndogo. Mwenye lori akikuomba umgawie moto kwa waya, mkatalie kwa upole, kibetri chako hakiwezi stata yake. Kulanti ya inveta ina kikopo chake peke yake, usiongeze maji ya kisima. Na kama ni mtu wa msimu, gari unaliweka baada ya korosho hadi msimu mwingine, lisiachwe kabisa: kila wiki mbili liwashe, liendeshe nusu saa.

La mwisho katika haya ni waya za rangi ya chungwa. Ukifungua boneti utaziona. Hizo ndizo zinazobeba umeme mkubwa. Fundi wa chini ya mwembe, hata awe rafiki yako wa utotoni, asizishike. Anayejua kazi ana glavu maalumu, anang'oa kwanza plagi ya usalama ya betri, halafu anasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Ukimwona fundi anaingiza mikono mara moja huku anaongea na simu, chukua ufunguo wako uondoke.

Shemeji hajaliuza gari. Alitaka, nikamwomba asubiri, na mara hii tulikaa na daftari lake, si langu. Mihogo amerudi kuikodishia kirikuu ya jirani, mara mbili kwa wiki, gharama wanagawana na mfanyabiashara mwingine. Fielder amekabidhiwa mdogo wangu. Alfajiri anapeleka bamia, majani ya maboga na mayai Buguruni, yeye na wale wanawake wawili wa kikundi chake wanaochangia mafuta, kiti cha nyuma kimesimama na mizigo iko kwenye buti. Wiki iliyopita alinitumia picha ya dashibodi: 21.4. Hakuandika neno jingine.

Marejesho ya VICOBA yanaisha Desemba. Nusu ya kila rejesho nalipa mimi. Mdogo wangu hakuniomba, na shemeji alikataa mara mbili kabla ya kupokea.